Moshi wa Ubani Nyumbani Mwako

Pengine nyumbani mwako kuna kitambaa kidogo kilichofungwa fundo, na ndani yake punje za utomvu mkavu wa mti. Jioni, kazi ikiisha, unatia makala mekundu katika kigae, unaweka punje mbili tatu juu yake, na chumba kinajaa harufu njema. Mtu mmoja anafanya hivyo ili apumzike. Mwingine anataka kuomba kwa utulivu. Mwingine anaogopa kitu fulani cha usiku. Siandiki ili nikukemee. Nataka tuutazame moshi huo pamoja, maana una wema wake, tena una hatari moja ambayo pua yako haiwezi kuisikia.

Kwanza ujue unachochoma. Katika misitu yetu ya Kongo kuna mti mrefu mno ambao wengi huuita mupafu. Wataalamu wa miti wanauita Canarium schweinfurthii. Matunda yake ni meusi ya zambarau, nasi huyalainisha katika maji ya moto kabla ya kuyala. Gome lake likikatwa linatoa utomvu mzito wenye kunata, nao ukikauka huwa mweupe au wa manjano. Wazee walimulika nao usiku, kwa sababu unawaka upesi kama mafuta.

Ubani wenyewe, ule wa Biblia, hautoki kwetu. Unatoka katika miti midogo ya nchi kame, kama Somalia, na Dhofar katika nchi ya Oman. Watu hukwaruza gome, matone hutoka kama machozi, huyaacha siku kadhaa yakauke, ndipo huyakusanya. Manemane pia ni utomvu wa mti wa nchi kame kama hizo. Lakini udi si utomvu, ni mbao yenye harufu. Na vijiti vingi vinavyouzwa sokoni kwa jina la udi ni unga wa mbao tu uliotiwa marashi. Uliza kabla ya kutoa pesa.

Wakristo wengi huuliza: je, ni dhambi kuchoma ubani? Fungua Kutoka, sura ya 30. Huko Musa aliagizwa kuchanganya ubani safi na manukato mengine kwa ajili ya hema ya kukutania, na watu wakakatazwa kujitengenezea mchanganyiko ule ule ili wafurahie harufu yake. Katazo lilikuwa la mchanganyiko ule mtakatifu, si la kila harufu njema. Tena soma Luka, sura ya 1. Zakaria aliingia hekaluni kufukiza, na watu walikuwa nje wakiomba. Hao waliokuwa nje hawakuwa na chetezo mikononi, hata hivyo waliomba. Katika makanisa yetu ya Kiprotestanti kwa kawaida hatufukizi; ndugu zetu Wakatoliki wanafukiza, nami sigombani nao. Ninalolikataa ni utumwa wa hofu: mtu asiyeweza kulala mpaka afukize pembe nne za nyumba, au baba anayetoa mbuzi ili mtoto mwenye homa afukizwe, na huku homa inazidi.

Je, ubani unatuliza moyo kweli? Mwaka 2008 wataalamu walitangaza kwamba kitu fulani kilichotolewa katika utomvu wa ubani kilipunguza woga wa panya. Lakini panya wale walidungwa sindano. Hawakukalishwa katika moshi. Hiyo haitoshi kumwambia mtu kwamba moshi ni dawa. Mimi naona kwamba mtu akiketi kimya robo saa, bila redio, bila ugomvi, akivuta pumzi polepole, kule kukaa kimya kunamsaidia sana, ubani uwepo au usiwepo.

Moshi huo hauponyi malaria. Hauui kifua kikuu. Labda mbu watakimbia kidogo, kisha watarudi umelala. Chandarua ndicho kinachokulinda mpaka asubuhi. Na moshi ni moshi, hata ukinukia. Ndani yake mna vumbi laini lisiloonekana kwa macho, linaloingia mpaka chini ya mapafu. Mwenye pumu hubanwa kifua. Mwenye kikohozi huongezewa kikohozi. Mtoto mchanga anavuta pumzi mara 30 hata 60 kwa dakika moja, na mapafu yake bado ni machanga. Kwa hiyo, mama, usimfukize mtoto, hata kama nyanya yake anasisitiza. Mjibu kwa heshima, halafu mtoe mtoto nje.

Sasa tufike kwenye makala, maana hapa ndipo watu wanapokufa. Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu kuliko hewa njema tunayoihitaji, zaidi ya mara 200, hata damu inakosa nafasi ya kubeba uhai. Katika milima ya Kivu, ambako usiku una baridi, watu huingiza mbabula chumbani, hufunga dirisha, huziba na nafasi iliyo chini ya mlango. Wakitia ubani juu yake, harufu inakuwa nzuri, nao wanafikiri hewa ni nzuri. Hapo ubani umewadanganya.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, na usingizi mzito. Watu husema ni malaria, au husema jirani amewaloga. Basi jiulize: je, wengi wa nyumba moja wameugua pamoja? Je, wanapata nafuu wakitoka nje? Je, kulikuwa na makala ndani? Mwenye mimba yumo katika hatari kubwa, na mtoto aliye tumboni huumia kuliko mama.

Ukimkuta mtu amezimia chumbani, fungua mlango wazi, mvute nje upesi, wala usikawie ndani, usije ukaanguka wewe pia. Kama anapumua, mlaze kwa ubavu. Kama hapumui, mpulizie pumzi kinywani. Usimnyweshe maziwa wala mafuta ya mawese. Sumu haiko tumboni, iko katika damu. Mpelekeni kwenye hospitali yenye oksijeni, hata kama amekwisha kuzinduka, na mwambieni munganga habari ya makala.

Wewe unayependa harufu hiyo, choma barazani, au chumbani dirisha na mlango vikiwa wazi. Kipande kimoja cha makala chatosha, na punje moja au mbili. Weka kigae juu ya mchanga, mbali na mkeka na pazia, mahali mtoto hafiki. Kabla ya kulala, toa kigae nje ya nyumba na ufunike makala kwa mchanga au majivu. Ukimwaga maji, mvuke utakuunguza mkono. Majivu yenyewe usiyatupe karibu na ukuta wa nyasi mpaka asubuhi, yakiwa yamepoa kabisa. Na kile kitambaa chenye punje zilizobaki usikitundike juu ya jiko, kwa sababu utomvu ule unashika moto upesi.