Programu Zisizolipiwa

Wengi wenu wa Babati mmekwisha kuwa na kompyuta nyumbani, nanyi mwauliza programu zipatikane wapi. Twaona watu wakinunua nakala za wizi katika flashi. Nazo mara nyingi huja na virusi, hata hesabu za mbaazi na barua za watoto zikapotea pamoja.

Tena hapana haja. LibreOffice, iliyoanzishwa mwaka 2010, huandika barua na kupanga hesabu, wala hailipiwi kitu. Ichukueni katika tovuti yake yenyewe. Ilitokana na OpenOffice, ile ambayo mwaka 2004 ilitolewa kwa Kiswahili kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikaitwa Jambo OpenOffice.

Lakini kupita zote twaipenda Kiwix. Kwa hiyo mtu hupakua Wikipedia ya Kiswahili mara moja tu, mahali penye mtandao mzuri, kisha watoto huisoma usiku hata bando likiwa limekwisha. Faili hiyo yaweza kupelekwa kwa jirani katika flashi, wala si wizi, maana walioiandika wameruhusu. Mwenye nafasi ndogo katika kompyuta na achague ile isiyo na picha.