Kisigino Kilichopasuka Kisichouma

Mwenye kisukari akilalamika kwamba ana magaga, swali la kwanza si amepaka mafuta gani. Swali ni je, yanauma? Akijibu kwamba hayaumi hata kidogo, hapo ndipo pa kuingiwa na wasiwasi, na sababu yake imo katikati ya seli za ngozi ya juu.

Ngozi hii ya juu, epidemisi, haina mshipa wa damu hata mmoja. Seli zake huzaliwa chini kabisa, kisha husukumwa kwenda juu na wenzao wanaozaliwa nyuma yao. Zikiwa njiani hujaa keratini, protini ileile ya kucha na nywele, huwa bapa, na zikikaribia uso wa ngozi hupoteza kiini. Zinafika juu zimekwisha kufa, na huko ndiko kazi yao kubwa inakoanza. Ni ndogo mno: 30 hivi zikipangwa ubavu kwa ubavu ndizo hujaza milimita moja. Hulaliana kama makuti ya paa, na katikati yake kuna mafuta yanayozuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie. Safari nzima, kutoka kuzaliwa hadi kubanduka, huchukua mwezi mmoja na zaidi. Kwenye kope tabaka hili ni jembamba sana. Kwenye unyayo ni nene mara nyingi zaidi, maana ndilo linalobeba uzito wote wa mwili.

Kisukari hakibomoi mpangilio huo wote kwa mara moja. Mara nyingi ngozi ya mgonjwa bado huzuia maji vizuri, ila tabaka la juu lina unyevu mdogo na tezi hutoa mafuta machache. Miguuni hali ni mbaya zaidi. Sukari iliyozidi kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu inayoamrisha jasho, basi unyayo hukauka, hukakamaa, na kisigino hupasuka. Kwa macho magaga hayo hayana tofauti na ya mkulima anayetembea peku.

Tofauti iko kwenye maumivu. Katikati ya seli hai za epidemisi hupenya ncha nyembamba sana za mishipa ya fahamu, na kisukari huzipunguza. Daktari anaweza kukata kipande cha ngozi chenye upana wa milimita 3 karibu na kifundo cha mguu, akazihesabu kwa darubini. Zikiisha, mguu unakufa ganzi. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha taarifa ya wagonjwa wa kisukari waliong'atwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Mtu mwenye hisia kamili angeamka kwa jino la kwanza.

Kisha huja sugu. Mahali panapogandamizwa kila siku, seli huongezeka na kurundikana, na sugu lenyewe huzidisha mgandamizo kwa nyama iliyo chini yake, mpaka kidonda kinaanzia ndani huku juu pakionekana pazima.

Kidonda kikishafunguka, ukingo wake ndio wenye habari kubwa. Kwa mtu mwenye afya, seli za ukingoni huacha kushikana na wenzao, huteleza juu ya kidonda na kukifunika. Kwenye kidonda sugu cha kisukari huzaana kwa wingi lakini hazisogei. Ukingo unakuwa mnene na mgumu, na ukiutazama kwa darubini unaona seli za juu kabisa zikiwa bado na viini ambavyo zilipaswa kuvipoteza. Ni seli zisizokomaa, zimekwama. Ndiyo maana daktari hukata ukingo huo mpaka afikie ngozi hai. Ndugu wengi huogopa wakiona kidonda kimepanuliwa, na wapo wanaomwondoa mgonjwa wodini. Wasifanye hivyo: bila kuondoa ukingo uliokwama na kuupumzisha mguu usikanyage, donda ndugu halifungi kwa dawa ya kupaka peke yake.

Kwa hiyo, wewe mwenye kisukari, kagua nyayo zako kila jioni, au mwombe wa nyumbani akutazamie. Paka mafuta kwenye kisigino, lakini siyo katikati ya vidole, ambako unyevu hukaribisha fangasi. Usikate sugu kwa wembe. Na ukiona ufa wenye damu au lengelenge, nenda kliniki siku hiyohiyo, hasa kama husikii maumivu yoyote.