Doria Bila Mnunuzi: Biashara ya Mchanga Makueni na Funzo la Mimea ya Kulevya

Kikima ni soko la juu vilimani, Mbooni, Kaunti ya Makueni. Huku juu kuna kahawa, parachichi, makadamia, mboga na ng'ombe wa maziwa wanaofugwa zizini. Ukishuka bondeni mvua inapungua, mashamba yanakauka mapema, na mali inayoleta pesa siku hiyo hiyo ni moja tu: mchanga wa mito ya msimu. Mchanga huo umejenga maghorofa ya Nairobi na kuwapa vijana wengi kibarua. Pia umemwaga damu.

Biashara hii inafaa kutazamwa kwa jicho lile lile linalotazama mimea ya kulevya katika nchi zilizotoka vitani. Kuna mtu wa kijijini anayepata kidogo, mnunuzi wa mbali mwenye pesa taslimu, na serikali ambayo mara nyingi hutanguliza askari, soko likaja baadaye au lisije kabisa. Nchi kadhaa zimelipia somo hilo kwa gharama kubwa. Makueni ina nafasi ya kulisoma kwa bei nafuu.

Mali iliyolala mtoni

Mito kama Thwake, Kaiti na Muooni hujaa wakati wa mvua kisha hukauka juu. Chini ya mchanga maji hubaki kwa miezi, kwa kuwa mchanga mzito unaweza kushika maji ya robo hadi asilimia 40 ya ujazo wake. Ndiyo maana wakati wa kiangazi utawakuta akina mama wameinama katikati ya mto uliokauka. Mmoja huchimba shimo, husubiri maji yapande polepole, kisha huyachota kwa kata hadi mtungi wa lita 20 ujae, punda akisubiri kando. Mchanga ukiondolewa hadi mwamba uonekane, mvua inayofuata hupita kwa saa chache na kwenda zake Mto Athi. Anayeuza mchanga wa mto ameuza tangi la kijiji kizima.

Mahitaji hayana dalili ya kupungua. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu Gigiri, lilikadiria mwaka 2022 kwamba dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Mchanga wa jangwani haufai sana kwa zege kwa kuwa chembe zake zimelainishwa na upepo, kwa hiyo wajenzi hutafuta wa mtoni. Makueni iko karibu na Nairobi, na Barabara ya Mombasa inakatiza ndani yake. Ujenzi wa reli mpya kati ya 2014 na 2017, uliopitia Emali, Kibwezi na Mtito Andei, uliongeza kiu hiyo.

Pesa inavyogawanyika

Chini kabisa kuna vijana wapakiaji, wenye sepetu na mikono yao. Baada yao yuko mwenye shamba la ukingoni, anayelipwa ili lori lipite kwake. Kisha kuna dalali mwenye simu, dereva, mwenye lori, na mwisho muuza vifaa vya ujenzi mjini. Bei hupanda katika kila hatua, na sehemu ndogo kabisa hubaki mtoni, ambako hasara yote pia hubaki.

Hata hivyo kijana wa bondeni hukubali, na hesabu yake si ya kijinga. Ndengu humtaka anunue mbegu, asubiri mvua, apalilie, avune, kisha abishane na mnunuzi kuhusu bei. Mkulima wa kahawa hukabidhi matunda yake kwa ushirika na huweza kungoja malipo kwa miezi. Lori la mchanga hulipa kabla halijaondoka. Mpango wowote wa kumtoa kijana huyo mtoni usipoijibu hesabu hiyo, umeshindwa kabla ya kuanza.

Askari na sheria

Gharama ya damu imeandikwa wazi. Mwaka 2011 askari polisi aliyejulikana kwa kupambana na wachimbaji haramu aliuawa Makueni. Malori yamechomwa, wanakijiji wamepigana na wapakiaji, na mara nyingine ugomvi umeingia ndani ya ukoo mmoja: kaka anapakia lori, dada yake anatembea mbali zaidi kutafuta maji.

Sheria hazikukosekana. Mwongozo wa kitaifa wa uvunaji mchanga wa mwaka 2007 uliruhusu kazi hiyo mchana tu, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Baada ya ugatuzi, Makueni chini ya Gavana Kivutha Kibwana, mwenyewe profesa wa sheria, ilitunga sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka ya kuisimamia. Ilikuwa hatua ya ujasiri, kwa kuwa ilitamka kwamba mchanga ni wa jamii na kwamba maji yanakuja kabla ya zege.

Pengo liko kwenye mgawanyo wa madaraka. Katiba ya 2010 iliiachia serikali ya kitaifa polisi, na kaunti ikapewa kilimo, masoko na sehemu ya uhifadhi wa mazingira. Maafisa wa kaunti wanaokagua malori hawana bunduki wala mamlaka kamili ya polisi, na Sheria ya Madini ya 2016 iliuweka mchanga pia katika hesabu ya madini yanayosimamiwa kitaifa. Lori la usiku hupenya katika ufa huo. Ofisi mbili zikitazamana, dereva hupita katikati, na penye udhia hupenyezwa rupia.

Isitoshe, doria ikibana mto mmoja, malori huhamia mwingine. Kitui ilijionea jambo la namna hiyo mwaka 2018, Gavana Charity Ngilu alipopiga marufuku kusafirisha makaa na mchanga nje ya kaunti. Lori la makaa lilichomwa moto, na hasira ikavuka mipaka hadi Limuru, Kiambu, ambako wafanyabiashara walifunga barabara. Lengo la kulinda miti na mito lilikuwa la haki. Ila katazo lilifika kabla ya wachoma makaa kuonyeshwa kazi nyingine, na ugomvi wa uchumi ukageuka kwa haraka kuwa ugomvi wa makabila.

Waliotangulia: afyuni, koka na muguka

Afghanistan ndiyo mfano mkali zaidi wa katazo lililofanikiwa bila soko. Mnamo Aprili 2022 utawala wa Taliban ulipiga marufuku kilimo cha afyuni. Umoja wa Mataifa ulitangaza mwaka uliofuata kwamba eneo lililopandwa lilishuka kutoka hekta 233,000 hadi 10,800. Mapato ya wakulima kutokana na zao hilo yalianguka pia, kutoka dola milioni 1,360 hadi milioni 110. Mmea ulitoweka, na riziki ikatoweka nao. Mkulima aliyebaki na deni na shamba la ngano lisilotosha ana kila sababu ya kurudi alikotoka siku ulinzi utakapolegea.

Colombia ilijaribu njia ya makubaliano. Mkataba wa amani wa 2016 kati ya serikali na waasi ulizaa mpango wa hiari wa kung'oa koka, na karibu familia 99,000 zikajiandikisha. Wengi waling'oa kweli. Kilichochelewa ni upande wa serikali: barabara, miche, wataalamu na wanunuzi. Katika maeneo yaliyoachwa wazi na waasi yaliingia makundi mengine yenye silaha na pesa taslimu. Kufikia 2023 eneo la koka lilikuwa limefika hekta 253,000, kubwa kuliko lilivyokuwa mkataba ulipotiwa sahihi.

Thailand ilikwenda polepole na ikafika. Kuanzia 1969 mradi wa kifalme, na kuanzia 1988 mradi wa Doi Tung, ilipeleka milimani barabara, shule, zahanati, kahawa na makadamia kabla ya kukaza sheria dhidi ya afyuni. Kazi hiyo ilichukua miongo. Kahawa na makadamia ndiyo mazao yanayoota hapa Mbooni.

Hata nyumbani somo lipo. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir aliipiga marufuku Mombasa muguka, aina ya miraa inayolimwa Mbeere, Embu, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata, zikitaja afya ya vijana wa Pwani. Siku chache baadaye Rais William Ruto alisema makatazo hayo hayana nguvu ya sheria, kwa kuwa miraa ni zao linalotambuliwa na lina kanuni zake za mwaka 2023. Pwani ina machungu ya kweli, na Mbeere ina familia zinazosomesha watoto kwa jani hilo. Mabishano yalibaki juu ya nani ana mamlaka ya kukataza, huku swali la zao litakalomlipa mkulima wa Mbeere badala yake likikosa mwenyewe.

Mnunuzi halali yuko wapi?

Makueni haianzi mikono mitupu. Kiwanda cha kaunti cha matunda huko Kalamba husindika embe, na kimempa mkulima mahali pa kupeleka matunda ambayo zamani dalali aliyanunua kwa shilingi chache au kuyaacha yaozee chini ya mti. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kuuza embe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na soko hilo likafunguliwa tena 2021 baada ya kazi ya kuweka maeneo yasiyo na mdudu huyo, Makueni ikiwa mstari wa mbele. Miaka hiyo saba inaonyesha kazi iliyomo katika kujenga soko halali: mitego ya nzi, usafi wa shamba, wakaguzi na subira ya wakulima.

Kuna pia urithi wa mwethya, ushirika wa nguvu wa Wakamba. Kwa nguvu hiyo jamii zilichimba matuta ya fanya juu yaliyookoa udongo wa vilima hivi, na kuanzia miaka ya 1970 vikundi kama Utooni, alichoanzisha Joshua Mukusya mwaka 1978, vikajenga mabwawa ya mchanga: ukuta wa zege unaovuka mto, mchanga ukajaa nyuma yake, na maji yakakaa ndani ya mchanga. Kitui nayo ina mamia ya kuta hizo. Penye bwawa la namna hiyo, kila mkazi ana sababu yake mwenyewe ya kuulinda mto, na doria haitegemei tena gari la polisi peke yake.

Hesabu mpya

Mambo manne yanawezekana bila kungoja muujiza.

Kwanza, kaunti na vyama vya ushirika vimlipe mkulima anapofikisha mzigo, kwa simu, siku hiyo hiyo. Lori la mchanga linashinda kwa haraka ya malipo yake kuliko kwa ukubwa wake.

Pili, nguvu ya polisi ihamishwe kutoka mtoni kwenda barabarani. Kijana mwenye sepetu ana wenzake mia wanaosubiri nafasi yake, lakini mwenye lori ana mali ya kupoteza. Polisi na maafisa wa kaunti wawe na kituo kimoja cha pamoja kwenye njia za kutokea, daftari moja na hakimu mmoja, ili ufa kati ya ofisi mbili uzibwe.

Tatu, Nairobi ibebe sehemu yake. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi idai stakabadhi ya mahali mchanga ulikotoka kabla ya kibali cha jengo kuendelea, na miradi ya serikali iwe ya kwanza kutumia mchanga wa mawe yaliyosagwa viwandani. Mkulima wa koka hawezi kumdhibiti mlaji wa ng'ambo, lakini mnunuzi wa mchanga wetu yuko ndani ya Kenya, kwenye ofisi zenye anwani.

Nne, kipimo kibadilike. Taarifa za malori yaliyokamatwa hujaza magazeti, ila hazisemi kama mto umepona. Kila mwaka kaunti itangaze kina cha mchanga katika mito mikuu, umbali ambao wanawake hutembea kutafuta maji, na mapato ya vijana waliotoka kupakia. Makueni ilitangulia kaunti nyingine mwaka 2015 kwa kutenga asilimia moja ya bajeti ya maendeleo kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi. Kamati za wadi zinazosimamia fedha hizo zinaweza kuanza kuchukua vipimo hivi.

Askari wanahitajika, na waliokufa kazini wanastahili heshima. Lakini doria hununua muda tu. Muda huo ukitumika kuleta ushirika unaolipa haraka, kiwanda kinachopokea mzigo na ukuta unaoshika maji, kijana wa bondeni ataondoka mtoni kwa hiari yake, kwa kuwa atakuwa na pa kwenda. Bajeti ijayo ya kaunti itakaposomwa, wakazi wa Mbooni wana haki ya kuuliza shilingi ngapi zimewekwa kwa ajili ya kumkamata kijana huyo, na ngapi kwa ajili ya kununua anachovuna.