Mkwaruzo wa Mbwa au Paka si Jambo Dogo: Fahamu Hatari ya Kichaa cha Mbwa

Mtoto anacheza na paka wa nyumbani, paka anakasirika, na kucha zinaacha mistari miwili myekundu mkononi. Damu haitoki, au inatoka kidogo tu. Katika nyumba nyingi mambo huishia hapo: mtoto anabembelezwa, paka anafukuzwa, na kesho yake hakuna anayekumbuka. Wazazi wengi wanajua kwamba mtu akiumwa na mbwa anapaswa kwenda hospitalini. Ni wachache wanaojua kwamba mkwaruzo nao unaweza kupitisha virusi vya kichaa cha mbwa, na kwamba anayekwaruzwa anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Suala hili linawahusu wakazi wa Machakos moja kwa moja. Kichaa cha mbwa kiligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1912, kwa mbwa aliyekuwa viungani mwa Nairobi. Katika miaka ya 1990, watafiti walifuatilia ugonjwa huu katika vijiji vya iliyokuwa Wilaya ya Machakos kwa kushirikiana na wanajamii. Waligundua kwamba visa vilikuwa vingi mno kuliko vile vilivyokuwa vikifika katika rekodi za serikali. Waligundua pia kwamba mbwa wengi walikuwa na wenyewe, wakilala katika boma zinazojulikana, lakini wakiachwa kuzurura bila kufungwa, na wengi wao hawakuwa wamechanjwa. Kwa maneno mengine, hatari haikuwa kwa mbwa koko peke yao. Ilikuwa pia kwa mbwa wa jirani ambaye watoto wanamwita kwa jina.

Virusi hufikaje kwenye kucha?

Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Mbwa na paka hujilamba mara kwa mara, hasa miguuni, na mate hubaki kwenye kucha. Kucha hizo zikichana ngozi, mate huingia kwenye jeraha. Aidha, mnyama anayerukia mtu mara nyingi huuma na kukwaruza kwa wakati mmoja, na katika purukushani si rahisi kujua alama ipi ni ya jino na ipi ni ya ukucha. Hali ni hiyohiyo mbwa anapolamba kidonda kilicho wazi, au mate yake yanaporukia macho, mdomo au pua.

Virusi vikishaingia, havikimbilii kwenye damu. Husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua kati ya mwezi mmoja na miezi mitatu, ingawa inaweza kuwa wiki moja au hata kuzidi mwaka. Kwa sababu hiyo jeraha la usoni, shingoni au mikononi ni la hatari zaidi. Watoto, kwa kimo chao, ndio hupata majeraha ya sehemu hizo mara nyingi.

Katika kipindi hicho chote mtu hujihisi mzima. Mkwaruzo hupona na kovu hupotea. Kisha huja homa, maumivu ya kichwa, na kuwashwa au ganzi pale palipokwaruzwa. Baadaye mgonjwa hushindwa kumeza, huogopa maji, huchanganyikiwa au hupooza. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu huua karibu kila mtu. Msemo kwamba kinga ni bora kuliko tiba hutumika kwa magonjwa mengi. Kwa kichaa cha mbwa, kinga ndiyo pekee iliyopo.

Mifano miwili inaonyesha jinsi jeraha dogo linavyoweza kupotosha. Mwaka 2007, mtalii kutoka Uholanzi alikuwa amepiga kambi katika eneo la Tsavo Magharibi wakati popo alipomgonga usoni na kumwachia mikwaruzo midogo puani. Aliisafisha, lakini hakupata chanjo. Alifariki mwezi Desemba mwaka huohuo baada ya kurudi kwao, kutokana na virusi vya jamii moja na vya kichaa cha mbwa. Mwezi Juni 2025, mwanamke kutoka Uingereza alifariki miezi kadhaa baada ya kukutana na mbwa mdogo akiwa likizoni Morocco. Familia yake ilieleza kwamba mbwa huyo alimkwaruza kidogo tu, na hawakuona kama lilikuwa jambo la kutilia maanani.

Hatua ya kwanza: maji na sabuni kwa dakika 15

Matibabu huanzia nyumbani, kwenye mtungi au bomba. Osha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kamili. Mahali ambapo maji ni ya kununua au ya kuchota mbali, wengi hushawishika kumwagia kikombe kimoja na kuendelea na shughuli. Dakika 15 ni muda mrefu kuliko mtu anavyodhani. Tumia saa ya simu. Sabuni huharibu ganda la nje la virusi, na maji yanayotiririka huviondoa kabla havijafika kwenye mishipa ya fahamu. Baada ya hapo paka dawa ya kuua viini, kama vile ayodini au spiriti, ikiwa unayo.

Usipake pilipili, mafuta ya taa, majivu, udongo au majani yaliyotafunwa. Vitu hivi huchoma ngozi, huingiza uchafu na humfanya mgonjwa aamini ametibiwa. Usifunge jeraha kwa kitambaa kinachobana.

Kisha nenda kwenye kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni jioni au mwisho wa wiki. Aliyechelewa asikate tamaa. Hata siku kadhaa zikiwa zimepita, maadamu dalili hazijaanza, chanjo bado inaweza kuokoa maisha.

Mkwaruzo upi unahitaji chanjo?

Wahudumu wa afya hutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, unaogawa majeraha katika makundi matatu.

Kundi la kwanza: umemgusa au kumlisha mnyama, au amekulamba kwenye ngozi isiyo na jeraha. Hapa inatosha kunawa; chanjo haihitajiki.

Kundi la pili: mikwaruzo midogo au michubuko isiyotoa damu, au mnyama amekutafuna kidogo kwenye ngozi isiyofunikwa. Hapa unahitaji kuosha jeraha na kuanza chanjo mara moja.

Kundi la tatu: mkwaruzo au jeraha la meno lililopenya ngozi, mate kwenye kidonda, machoni au mdomoni, au kukutana moja kwa moja na popo. Hapa unahitaji kuosha, kuchanjwa, na kupewa dawa ya kingamwili inayoitwa imunoglobulini, ambayo hudungwa kwenye jeraha lenyewe na pembeni yake. Sababu ni kwamba mwili huchukua takriban siku 7 hadi 10 kutengeneza kinga yake baada ya chanjo, na dawa hii hulinda katika pengo hilo.

Zingatia kwamba mkwaruzo usiotoa damu umo katika kundi la pili. Yule mtoto mwenye mistari miwili mkononi, ikiwa paka hajulikani hali yake, yumo humo.

Chanjo haitolewi mara moja tu. Katika ratiba ya sindano tano, mgonjwa hudungwa msulini siku ya kwanza, ambayo huhesabiwa kuwa siku ya 0, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Ipo pia ratiba fupi ya kudunga kiasi kidogo ndani ya ngozi siku ya 0, 3 na 7. Mhudumu atakueleza ratiba yako na kukuandikia tarehe. Kosa la kawaida ni kuacha baada ya sindano ya pili au ya tatu, kwa sababu jeraha limepona, nauli imeisha au fedha za dawa ni chache. Jeraha kupona hakumaanishi virusi vimekufa. Ukiona gharama au umbali vitakuzuia, mweleze mhudumu mapema ili akuelekeze mahali unapoweza kumalizia dozi, badala ya kukaa nyumbani.

Chanjo ni salama kwa wajawazito, akina mama wanaonyonyesha na watoto wachanga. Aliyewahi kumaliza chanjo kamili awali bado anapaswa kwenda hospitalini akikwaruzwa tena, lakini atahitaji sindano chache zaidi. Mhudumu pia atakuuliza kuhusu chanjo ya pepopunda.

Mnyama afanywe nini?

Watu wengi hukimbilia kumuua mbwa papo hapo. Ikiwa mbwa au paka anaweza kufungiwa bila kuhatarisha mtu, ni afadhali afungiwe na kuchunguzwa kwa siku 10 chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo. Akibaki mzima kwa siku hizo, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyokwaruza, na daktari anaweza kusimamisha chanjo. Usingoje siku hizo ndipo uanze chanjo, anza kwanza. Mnyama akifa au akilazimika kuuawa, asipigwe kichwani, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa katika maabara kama ile ya mifugo iliyoko Kabete. Usimguse kwa mikono mitupu, wala usimtupe kichakani.

Mbwa mwenye kichaa si lazima awe mkali na mwenye povu mdomoni. Wengine hunyamaza, hujificha gizani, taya hulegea na sauti hubadilika. Mbwa mkali anayekuwa mpole ghafla atiliwe shaka sawa na mpole anayekuwa mkali.

Wafugaji nao wawe waangalifu. Ng'ombe, mbuzi na punda huambukizwa wanapoumwa na mbwa. Ng'ombe mwenye kichaa hudondosha mate na kushindwa kumeza, na mwenyewe hudhani amekwamwa na kitu kooni. Usitie mkono mdomoni mwake. Mwite afisa wa mifugo. Nyama na maziwa ya mnyama anayeshukiwa visitumiwe.

Kinga inaanzia kwenye boma

Duniani, takriban watu 59,000 hufariki kila mwaka kutokana na kichaa cha mbwa, wengi wao Afrika na Asia, na karibu asilimia 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu. Asilimia 70 ya mbwa katika eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kenya ina mpango wa kitaifa wa kutokomeza vifo vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030, na Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la huduma za mifugo na utoaji wa leseni za mbwa.

Asilimia hiyo haifikiwi kwa sheria peke yake. Mbwa huzaa kwa wingi na wengi hufa wakiwa wachanga, hivyo chanjo ya mwaka jana haiwalindi mbwa wa mwaka huu. Mwenye mbwa au paka anapaswa kumpeleka achanjwe kila mwaka na kutunza cheti. Kampeni zinapofanyika, wapelekwe hata watoto wa mbwa. Mbwa afungwe mchana, na taka za jikoni na machinjioni zisiachwe zikiwavuta wanyama wanaozurura.

Muhimu zaidi, zungumza na watoto. Wengi huficha mkwaruzo wakiogopa kuchapwa kwa kumchokoza mbwa au kupitia njia waliyokatazwa. Mtoto ajue kwamba akiumwa, akikwaruzwa au akilambwa kidonda, hataadhibiwa kwa kusema. Waalimu, wahudumu wa afya wa jamii na viongozi wa Nyumba Kumi wanaombwa kurudia ujumbe huo.

Anayeona mnyama mwenye dalili amjulishe chifu au afisa wa mifugo wa wadi bila kuchelewa. Aliyekwaruzwa aoshe kwa sabuni dakika 15, afike kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Machakos Level 5 siku hiyohiyo, na amalize sindano zote.