Betri ya Shimesikio na Tabia ya Hewa
Katika nyanda za juu za Karagwe na Kyerwa, ambako mvua za vuli na za masika hufuatwa na kiangazi kikavu cha Juni hadi Agosti, mtumiaji wa shimesikio (kifaa cha kusaidia kusikia) aliyeko Rugera hana budi kuijua tabia ya betri yake. Kidonge hicho cha zinki, chenye nguvu ya volti 1.4 hivi, huvuta oksijeni kwa vitundu vidogo vilivyofunikwa kwa kibandiko cha rangi, ya chungwa kwa namba 13 na ya buluu kwa namba 675; na kibandiko kikishabanduliwa, betri huanza kupungua nguvu hata isipotumika, wala kukirudisha hakuiponyi. Hewa kavu huyakausha majimaji yake ya ndani. Hewa yenye unyevu huyazidisha hata betri ikavimba.

Kwa hiyo betri ihifadhiwe na kibandiko chake mahali pakavu, mbali na jua na jiko. Isitiwe katika jokofu, kwani umande huidhuru, wala mfukoni pamoja na sarafu. Kibandiko kikishabanduliwa, betri ingojewe dakika chache ipate hewa, ndipo itiwe; na usiku kifuniko cha betri cha shimesikio kiachwe wazi, unyevu utoke. Watoto wasiifikie betri abadan, maana ikimezwa yaweza kuua.