Mama pweza hali mpaka afe

Sisi watu wa pwani tunamjua pweza wa supu; uzazi wake wengi hatuujui. Dume humpa jike mbegu kwa mnyiri mmoja, naye hufa muda si mrefu. Jike hutaga mara moja tu maishani. Hukaa pangoni akiyapepea mayai maji safi, wala hali. Yakianguliwa, hufa.

Upendo? Mwaka 1977 mtafiti Jerome Wodinsky wa Marekani aliwatoa majike waliokuwa wakiatamia tezi mbili zilizo kati ya macho na ubongo. Wakayaacha mayai, wakala tena, wakaishi zaidi. Kumbe ni tezi! Mimi muuguzi wa wodi ya wazazi huku ugenini nawaona dada zetu wanaojinyima chakula kwa ajili ya kichanga, eti ndiyo umama. Kula, mwanangu. Wewe huna tezi hiyo.

Aliyenishangaza zaidi ni pweza wa kilindini, mita 1,400 hivi, karibu na Monterey, California. Watafiti walimkuta akiatamia mwaka 2007. Walirudi tena na tena kwa miezi 53. Hata vipande vya kaa walivyompa hakuvigusa. Oktoba 2011 walikuta maganda matupu ya mayai. Mama hayupo.