Aliyekesha na mgonjwa alikuwa paka



Anayeishi Mji Mkongwe hahitaji kufundishwa habari za paka. Wako barazani, wako ngazini, wako chini ya meza za wauza samaki pale Darajani wakisubiri kichwa cha changu. Tunawaruka tu tukipita. Mimi sikuwahi kumtazama hata mmoja vizuri, mpaka alipougua bibi mmoja wa kanisani kwetu, Mkunazini.

Bibi huyu alikuwa mjane, na watoto wake wote wako Bara. Paka mwenyewe hakuwa wake. Alikuwa paka wa mtaa, wa kijivu, aliyezoea kutupiwa makombo mlangoni. Bibi aliposhindwa kuinuka kitandani, paka akaanza kuingia ndani. Akapanda kitandani, akajikunja miguuni pake. Majirani zake Waislamu, waliokuwa wakimletea uji kwa zamu, walisimulia kwamba siku za mwisho hakubanduka pale ila kwa haja zake.

Na mimi? Nyumba ya bibi ilikuwa njiani kwangu kwenda ibadani. Jumapili mbili mfululizo nilipita mlangoni nikasema, "Nitaingia wakati wa kurudi." Wakati wa kurudi jua lilikuwa kali, na nyumbani chakula kilikuwa kinapoa. Jumapili ya tatu nilikuta watu wamekaa barazani, kimya. Mama mmoja wa jirani akaniambia bila ukali wowote: "Mwanangu, alikuulizia. Lakini hakuwa peke yake. Tulikuwa naye sisi, na yule paka."

Maneno hayo bado yananichoma.

Baadaye nilisoma habari za paka mwingine, wa Marekani. Katika mji wa Providence kuna nyumba ya kutunzia wagonjwa na wazee iitwayo Steere House. Jina hilo litamkumbusha Mwanglikana Askofu Edward Steere, aliyejenga kanisa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, ingawa ni majina kufanana tu. Mwaka 2005 nyumba hiyo ilichukua paka mdogo, akaitwa Oscar, akakulia katika wodi ya wagonjwa waliopoteza kumbukumbu. Julai 2007 Dk. David Dosa aliandika habari zake katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine. Oscar alikuwa akipita chumba kwa chumba, ananusa, anatoka. Akipanda kitanda na kujilaza kando ya mgonjwa, mara nyingi mgonjwa huyo alifariki baada ya saa chache. Wakati huo alikuwa amekwisha kulala kando ya wagonjwa zaidi ya 25. Wauguzi wakimwona amejilaza hivyo, walipiga simu kuwaita ndugu.

Alijuaje? Dk. Dosa alifikiri huenda ni harufu inayotoka katika mwili unaokaribia kuzimika. Wengine walisema paka alifuata tu joto la mablanketi. Habari za harufu zisitushangaze sisi Watanzania. Kule Morogoro, shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine, hufundisha panya buku kunusa kifua kikuu kwenye makohozi, na panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Mungu aliyempa mnyama pua hakumpa uganga. Kwa hiyo tusimfukuze paka kwa mgonjwa tukidhani analeta nuksi, wala tusimpige mawe bundi aliyelia juu ya paa. Tunatafuta mchawi wakati anayetakiwa kutafutwa ni ndugu wa kukaa na mgonjwa.

Ndugu yangu, fungua Luka 16. Tunapohubiri habari za Lazaro na tajiri hukimbilia kwenye moto. Leo tusimame kwanza getini. Maskini amelala pale ana vidonda. Tajiri anaingia na kutoka. Waliomsogelea, Bwana anasema, walikuwa mbwa. Tajiri yule hakumpiga Lazaro wala hakumtukana. Alipita tu, kama mimi nilivyopita.

Kisha soma Mathayo 26. Usiku ule wa Gethsemane Bwana wetu, roho yake ikiwa na huzuni kama ya kufa, aliwaomba rafiki watatu wakae macho pamoja naye. Hakuwaomba wamwokoe na msalaba. Aliomba wenzake wa kukesha nao, nao wakalala.

Sisi mauti yakishatokea ni hodari. Turubai linafungwa, michango inapita, sufuria kubwa za wali zinapanda jikoni, kwaya inavaa sare. Yote ni mema. Lakini huenda aliyelala ndani ya jeneza, wiki moja kabla, alikosa mtu wa kumshikia kikombe cha maji. Wengi wetu hatuendi kwa sababu tunaogopa hatutakuwa na la kusema. Paka yule hakusema neno. Hakuombea kwa sauti kubwa, hakumwambia bibi, "Utapona tu." Alikaa.

Wiki hii, kabla ya Jumapili nyingine, fikiri ni mlango gani unaupita kila siku. Huenda ni jirani wa ukuta kwa ukuta, huenda ni mzee wa Sebleni au Welezo ambaye hajaitwa jina lake na mgeni tangu Krismasi. Ingia. Vuta kigoda. Mshike mkono. Usitazame saa.

Tuombe: Bwana, uliyeachwa ukeshe peke yako, tusamehe milango tuliyoipita. Tupe miguu ya kuingia na moyo wa kukaa. Na saa yetu itakapofika, usituache bila mtu kando yetu. Amina.